Nusu Saa Mbili za Kunyonyesha

Siku uvumilivu wangu ulipoisha nilikuwa nimepiga magoti juu ya gunia tupu la kakao, macho nimefumba kama nilivyoamriwa, na mafuta yenye kunuka waridi yalikuwa yanateremka kutoka kwenye paji la uso wangu kuelekea puani. Mama muombezi wa patron, mwajiri wetu, alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa changu. Mkono wake ni mzito. Alikuwa anamwomba Mungu aniondolee roho ya ulafi.

Nje ya geti mtoto wangu alikuwa analia.

Alikuwa na miezi saba. Saa nne kamili ndiyo ilikuwa saa yake ya kunyonya, na wakati ule ilikuwa imepita kwa dakika kumi. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, blauzi ikalowa mbele. Hakuna aliyekuwa ameyaambia matiti yangu kwamba nimeadhibiwa.

"Funga macho," mama muombezi akasema. "Ile kilio ni adui anataka kukuvuruga."

"Ile haiko adui, mama. Ile ni mutoto yangu. Iko na njaa."

"Adui anajuaka kuiga sauti."

"Basi huyu ameiga mpaka na kikohozi."

Nilifungua macho. Niliushika mkono wake nikauondoa kichwani polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoa jani lililomdondokea, nikatoka nje. Geti lilikuwa limefungwa kwa amri ya patron. Nikavuta komeo. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, rozari mkononi, akisali kwa sauti ili wa ndani wasikie kwamba na Wakatoliki wapo. Nikachukua mtoto. Uani hapakuwa na kiti hata kimoja, maana patron alikuwa ametoa viti vyote akisema vinaleta umbea. Kwa hiyo nilikaa juu ya mizani, ile kubwa ya sakafuni tunayopimia magunia, nikamnyonyesha.

Sindano ya mizani iliruka, ikatetemeka, ikasimama kwenye sitini na nane.

Wanawake waliokuwa wanachambua kakao kwenye shitingi, turubai la kuanikia, waliacha kuchambua. Mmoja wao, mjane anayenizidi miaka ishirini, ambaye mimi namwita yaya, dada mkubwa, aliangalia sindano, akaangalia blauzi yangu.

"Hii gunia iko na unyevu mingi," akasema. "Patron ataikataa."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo wake.

Sasa nieleze tulifikaje pale, kwa sababu watu wengi hapa Beni wamesikia kwamba mimi ni yule mwanamke aliyemtukana Mungu kwenye depo. Sikumtukana Mungu. Mungu hakuwa kwenye mazungumzo.

Nilizaliwa Butembo, nikasoma huko mpaka nikamaliza sekondari, nikaolewa huku Beni, tunakaa Mulekera. Depo inanunua kakao ya upande wa Mabalako. Wakulima wanaileta na pikipiki, magunia matatu matatu. Kazi yangu ilikuwa kukata. Unatoa punje kwenye gunia, juu, katikati na chini, unazipasua kwa urefu na kisu kidogo, unaangalia ndani. Ya rangi ya udongo ni nzuri. Ya zambarau haikuchachuka vizuri. Ya kijivu ni mbaya, na yenye ukungu hata usiulize. Halafu unanusa. Kakao ni kitu cha ajabu: inavuta kila harufu iliyo karibu. Petroli, moshi, samaki, sabuni, vyote inabeba mpaka kwa mnunuzi. Patron mwenyewe alitukataza kupaka mafuta ya manukato tukija kazini. Siku moja alirudisha magunia ya mkulima mmoja kwa sababu yalisafiri pamoja na kapu la samaki wakavu. Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyenusa.

Patron ni baba wa miaka hamsini hivi, tunamwita papa. Hapigi kelele. Anasalimia kila mtu, hata wa kufagia. Ana kanisa lake, ambalo si letu wengi tuliofanya kazi pale, na kwenye kanisa hilo yeye ni mzee. Anaamini kwamba depo ni madhabahu. Simcheki. Kila mtu ana mahali pake pa kuaminia. Kila asubuhi tulikuwa tunasali nusu saa kabla ya kufungua gunia la kwanza, na mimi nilikuwa nasali Baba Yetu yangu moyoni, halafu nabaki nawaza nitapika nini. Hilo halikuniua.

Jumatano ilikuwa siku ya kufunga. Watu wote, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Patron alisema mkono unaogusa kakao Jumatano lazima uwe mkono wa mtu mwenye njaa, la sivyo baraka inatoka. Nilipokuwa na mimba nilimwuliza kama na mimi nafunga. Akajibu, "Mungu anajua." Nilichukua jibu hilo kama ruhusa. Kumbe halikuwa ruhusa, lilikuwa tu habari kuhusu Mungu.

Kwenye ukuta wa bureau yake, yaani ofisi, kuna bango la sheria za kazi, limepigiliwa misumari kama serikali inavyotaka. Juu ya bango kuna kalenda ya kanisa. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, nilikuwa nasubiri pale bureau, upepo ukaingia, kalenda ikaanguka. Nikasoma. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupumzika nusu saa mara mbili kwa siku, anyonyeshe mtoto wake. Patron alipoingia nilikuwa nimeweka kidole kwenye mstari.

"Papa, hapa banasema nini?"

Akasoma. Akakohoa. Akasoma tena.

"Banasema ile unaona," akajibu. Siwezi kumnyima sifa yake: alichukua mkataba wangu, akaandika chini kwa mkono wake, saa nne na saa nane, nusu saa, kunyonyesha, akatia sahihi. Halafu akarudisha kalenda mahali pake.

Donc basi kila siku mama mkwe alikuwa analeta mtoto saa nne na saa nane. Na kila Jumatano nilikuwa nakula. Nyuma ya magunia, dakika tano, bugali baridi na sombe, kisamvu chetu, kwenye kibakuli cha plastiki. Yaya alikuwa anasimama kwenye njia na kukohoa kama kuna mtu anakuja. Mara nyingine alikohoa bila mtu kuja, nikiinuka na tonge mdomoni namkuta amekaa, anacheka, na yeye ametia mkono kwenye kibakuli changu.

Halafu mvua zikaja. Kakao ikawa haikauki. Patron akawa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi anatafuta watu wa kumtuliza. Mama muombezi akasema amepokea katika maombi kwamba magunia yote ya lori linalofuata yapakwe mafuta kabla ya kwenda Butembo kwa mnunuzi. Alikuja na madumu mawili. Mafuta ya kula, ameyachanganya na marashi ya waridi, kwa sababu, alisema, kitu cha Mungu hakiwezi kunuka vibaya. Akachukua brashi ya kupakia rangi. Msalaba mmoja kwa kila gunia, pande zote mbili. Na hakuwa mchoyo.

Nilimfuata patron.

"Papa, kakao inavutaka harufu."

"Hii haiko harufu, binti yangu. Hii ni upako."

"Mais lakini inanuka, papa."

"Inanuka kwa pua ya mwili."

Sikuwa na pua nyingine. Nikarudi kwenye kisu changu.

Lori lilikwenda Butembo Jumatatu. Alhamisi asubuhi lilikuwa limerudi getini na magunia yaleyale, na kwenye gunia la kwanza kulikuwa na karatasi ya mtu wa mnunuzi, imeandikwa kwa kalamu ya bic nyekundu: *Imekataliwa. Inanuka sabuni ya kuogea.*

Patron aliisoma mara tatu. Uso wake ulishuka, nikamhurumia kweli. Nikasema moyoni, sasa ataelewa. Angeweza kuinama tu, kunusa gunia. Pua yake ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye msalaba wa waridi. Hakuinama. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaamuru wote tupange mstari uani.

"Kati yetu kuna mutu alifungua mulango," akasema. "Nani alikula siku ya tatu?"

Siku ya tatu ni Jumatano. Ilikuwa jana yake. Kwamba lori lilikuwa limeondoka tangu Jumatatu, na harufu ilikuwa imefika Butembo kabla ya bugali kufika tumboni, hilo halikumsumbua mtu. Wanawake kumi na wawili waliangalia miguu yao. Nusu ya vidole vilivyokuwa kwenye mstari ule vilishaingia kwenye kibakuli changu.

"Miye," nikasema.

Sikusema kwa ushujaa. Nilikuwa nimekula, na niliona ni ujinga kusimama kwenye jua kwa ajili ya sombe.

"Ulikula nini?"

"Bugali na sombe, papa."

"Kwa nini? Juu ya nini?"

"Juu ya njaa."

Mtu akacheka nyuma, halafu akajifanya anapiga chafya.

"Papa, niko nanyonyesha," nikaendelea. "Nikifunga miye, mutoto naye anafunga. Na yeye hajaandikwa kwa kanisa yenu. Ata kwa yetu bado."

Angekasirika ningejua la kufanya. Lakini alisikitika. Aliniangalia kama mgonjwa. Kisha akatoa hukumu yake kwa upole, na mpaka leo nikiikumbuka meno yanauma.

"Siondoi pause yako ya kupumzika," akasema. "Iko kwa mukataba, nilisaini. Nabadilisha tu kazi yake. Ile nusu saa ya saa ine na ile ya saa munane, utaingia kwa chumba ya maombi, mama muombezi akuombee, mpaka hii kakao itapata mununuzi. Mutoto abaki nyumbani. Akikuya hapa anavuruga roho."

Hivyo ndivyo haki yangu ilivyobaki nzima kabisa kwenye karatasi, dakika thelathini mara mbili, isipokuwa hapakuwa na mtoto ndani yake.

Nilikubali. Niandike hilo pia, kwa sababu watu wananiuliza kama nilipigana siku ileile. Hapana. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mume wangu, naye akaniambia, "Vumilia. Kakao itapata mununuzi. Kazi hapa Beni utaokota wapi?" Yeye ni motard, anabeba abiria kwa pikipiki, anajua barabara zote za mji na hakuna hata moja inayofika kwenye kazi. Nikavumilia siku tano za kazi. Saa nne napiga magoti, saa nane napiga magoti. Maziwa nilikuwa nayakamua chooni, nayamwaga. Mtoto alikuwa anapewa uji wa soya na mama mkwe, anautema, anaumeza, anautapika. Usiku alikuwa ananing'ang'ania kama mtu anayedai kitu, halafu analala kwa uchovu kabla ya kushiba.

Siku ya sita asubuhi, kabla ya kazi, nilimpeleka kupimwa uzito. Muuguzi alimtundika kwenye mizani, akaangalia karatasi yake, ile yenye njia ambayo mtoto anatakiwa kuipanda. Alama ya mwezi uliopita ilikuwa juu. Akaweka mpya. Ilikuwa chini.

"Mama, ananyonya?"

"Ananyonya jioni."

"Na muchana?"

"Muchana mama yake anatubu."

Hakucheka. Akaandika kitu pembeni, akaniambia, "Mama, huyu mutoto anyonye muchana. Haiko ombi." Nikampa mama mkwe mtoto, nikamwambia, "Mama, saa ine umulete." Akasema, "Geti imefungwa." Nikamwambia, "Umulete tu."

Kwa hiyo alikuwa analia nje ya geti, na kwa hiyo nilikuwa juu ya mizani.

Patron alitoka bureau. Alisimama hatua kumi, akageuza uso upande wa ukuta, maana ni mtu wa heshima na blauzi yangu ilikuwa wazi. Mazungumzo yote alifanya na ukuta.

"Binti yangu, unanyonyesha juu ya mizani ya kakao?"

"Viti mulitoa, papa."

"Mama muombezi anasema hamujamaliza."

"Mutoto naye hajamaliza."

"Chagua. Urudi kwa maombi, ao uende nyumbani."

"Nyumbani nitaenda saa kumi. Kazi yangu inaishaka saa kumi." Nikamhamisha mtoto titi la pili. Sindano ikayumba. "Papa, musali. Siwakatazi. Mumuombe Mungu mpaka jua inazama. Mais ile nusu saa ni ya huyu. Haiko yangu, haiko yenu. Mulisaini."

Patron akauambia ukuta kwamba ataniandikia barua. Nikamwambia aandike, kuandika hata mimi nilifundishwa.

Barua ilikuwa tayari saa nane. Nimesimamishwa kazi kwa muda usiojulikana, *mpaka toba yake itakapothibitishwa*. Nilimsomea yaya getini. Aliniomba nirudie mstari huo.

"Toba inathibitishwaka na nani?" akauliza. "Banaigongeaka kashe, ile muhuri?"

Halafu akanifungia kanga ya mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Nenda, mudogo wangu. Miye niko na batoto bane, siwezi kwenda na weye. Mais ukiulizwa nani alikuwa anakula, sema na miye nilikula." Hilo nililikataa. Nililitunza lakini.

Mkataba wangu ulifanyiwa Butembo, kwenye nyumba kubwa ya biashara ya patron, kwa hiyo kwa mkaguzi wa kazi nilikwenda Butembo. Barua niliiandika nyumbani, kurasa nne, nikabeba mtoto, nikapanda gari. Pale ofisini kijana wa mapokezi mwenye miwani aliisoma yote bila kuinua kichwa.

"Mama, hapa umeandika 'munafiki' mara tisa."

"Kumi. Moja iko nyuma."

"Ondoa."

"Zote?"

"Zote. Na hapa kwenye umeandika dini yake ni ya uongo, ondoa. Dini yake haiko dossier yetu, haiko kazi yetu. Akitaka kuabudu mizani, aabudu. Andika tu kile aliondoa kwako. Siku, saa, nani alisema nini."

"Na hasira?"

"Hasira yako ni muzuri, mama. Mais haina article ya sheria."

Akanipa karatasi mpya. Akaniuliza kama Kifaransa au Kiswahili, nikasema Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu kikikasirika kinapoteza viatu. Akaniuliza kama nina preuve, ushahidi. Nikamwambia nina barua ya patron, nina mkataba, nina karatasi ya uzito wa mtoto, na nina kakao. Kakao alifikiri hakusikia vizuri. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, mtoto kwenye titi la kushoto, nikaandika na mkono wa kulia. Hiki ndicho kilichopokelewa, kikagongwa mhuri:

*Kwa Bwana Mkaguzi wa Kazi, Butembo.*

*Kuhusu: kunyang'anywa mapumziko ya kunyonyesha, na kusimamishwa kazi kwa sababu ya kula.*

*Bwana Mkaguzi,*

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni mkataji wa kakao katika depo iliyoko Mulekera, Beni. Nina mtoto wa miezi saba. Mkataba wangu unanipa nusu saa mbili kwa siku za kunyonyesha, saa nne na saa nane, kwa mkono wa mwajiri mwenyewe.*

*Siku ya Alhamisi mwajiri aliuliza nani alikula Jumatano, siku anayotaka wafanyakazi wote wafunge. Nilisema mimi. Kuanzia siku hiyo, kwa siku tano za kazi, nusu saa zangu zilitumiwa kuniombea katika chumba cha depo, na mtoto wangu alikatazwa kupita geti. Uzito wake ulishuka. Siku ya sita nilimnyonyesha saa nne, uani, juu ya mizani, kwa kukosa kiti. Siku hiyohiyo nilisimamishwa mpaka toba yangu ithibitishwe. Barua haisemi nani atathibitisha.*

*Silalamikii imani ya mwajiri. Naomba mambo haya: nirudishwe kazini; nusu saa zangu zirudi kwa mtoto; geti liwe wazi saa nne na saa nane; mfanyakazi asiulizwe alichokula; na mtu asiyetaka kupakwa mafuta asipakwe. Kiti kimoja kikirudishwa uani, nitashukuru.*

*Mwajiri anasema kakao yake ilikataliwa kwa sababu nilikula sombe. Mimi ni mkataji, nimefanya kazi hiyo miaka mitatu, na natoa maoni yangu ya kikazi katika kiambatanisho cha nne.*

*Viambatanisho:*

*1. Nakala ya mkataba.*

*2. Barua ya kusimamishwa.*

*3. Nakala ya karatasi ya uzito wa mtoto.*

*4. Punje kumi za kakao nilizochukua kazini kutoka katika lori lililorudishwa, ndani ya mfuko uliofungwa. Tafadhali fungueni, mnuse.*